Vidonge vya Jumapili

Asubuhi ya Jumapili ile mama alinifunga vifungo vya blauzi, maana vidole vyangu vilikuwa bado vigumu. Huwa vigumu kila asubuhi mpaka jua lipande, na mwezi wa sita huku kwetu jua lenyewe halina haraka. Alikifunga kimoja, akahamia kingine, bila kunitazama usoni.

"Dawa umechukua?"

"Iko kwenye mkoba."

"Utameza saa ngapi?"

"Nikishakula. Kama watatupa chakula."

Mama hakucheka. Tulikuwa tunatoka Suma kwenda Mpuguso, nyumbani kwa kina Nsajigwa, kusemwa. Mshenga wetu, mzee Hosea, alikuwa amekuja Alhamisi akakaa kwenye kigoda chetu na kofia yake magotini. Alisema wazazi wa kijana wanataka jambo liishe. Kama ni ndoa, ifungwe Agosti. Kama si ndoa, kila mtu ashike njia yake. Baba yangu alishafariki, kwa hiyo wa kwenda kusemwa tulikuwa wawili tu, mimi na mama.

Kabla ya kutoka nilifungua Biblia yangu, nikachukua bahasha ndogo ya kaki niliyokuwa nimeificha humo tangu mwezi wa tatu. Nikaitia mkobani, chini ya kichupa cha dawa. Mama hakuiona. Hakuwa ameiona hata mara moja.

Njiani ukungu ulikuwa umekalia migomba. Mama alitangulia, mimi nyuma, na kila nilipokanyaga jiwe goti la kushoto lilinikumbusha kwamba mimi ni mgonjwa.

Ugonjwa ulinianza nikiwa na miaka kumi na tisa, kwenye mashamba ya chai. Asubuhi moja nilishindwa kuchuma. Vidole vilikuwa vimevimba, vinawaka moto, na jani la chai halichumwi kwa kiganja. Wenzangu walisema nimerogwa, wengine wakasema ni baridi yabisi ya wazee imekosea njia. Mwaka mzima mama alinikanda kwa maji ya moto na majani, mpaka tulipofika kliniki Mbeya, na daktari akatuambia askari wa mwili wangu wamekosa adabu. Badala ya kupiga vijidudu, wanapiga viungo vyangu mimi mwenyewe. Akanipa dawa ya kuwatuliza. Jina lake refu, methotreksati. Ilinichukua mwezi kulitamka.

Aliyenielewesha hasa ni dada Suad, mtoa dawa wa dirishani. Alinivuta pembeni, akanishika mkono uliovimba bila kuuogopa.

"Sikiliza, mdogo wangu. Hii si dawa ya kila siku. Ni vidonge vinne, mara moja kwa wiki, basi. Jumatano unameza hiki kingine cha foliki, cha kulinda mwili. Ukikosea ukameza hivi vinne kila siku, vinaua. Nimeona kwa macho yangu. Chagua siku usiyoweza kuisahau."

"Jumapili," nilisema.

"Jumapili. Na damu utakuwa unakuja kupima, hata kama hujisikii vibaya. Ukipata homa, usiende kununua Septrini dukani, haipatani na dawa hii. Njoo hapa. Pombe acha. Na mimba..." Alishusha sauti. "Una mchumba?"

Niliona aibu. Nilitazama sakafu.

"Basi mwambie. Ukiwa unameza hii usishike mimba, itamdhuru mtoto. Siku mkitaka mtoto, njooni kwanza. Daktari atakuachisha, atakubadilishia nyingine, mtasubiri miezi, halafu mtazaa. Umeelewa? Hatujakunyima kuzaa."

Nilimwambia Nsajigwa maneno hayo yote, neno kwa neno. Hilo Mungu ni shahidi.

Nsajigwa alikuwa mbeba maziwa. Alidamka alfajiri kila siku na pikipiki yake, madumu mawili nyuma, akikusanya maziwa ya wafugaji na kuyapeleka kituoni kupoozwa. Alipita kwetu, akazoea kwetu, mwisho akawa anapita hata siku ambazo ng'ombe wetu hakamuliwi. Mimi sikuwa na maneno. Yeye ndiye aliyekuwa nayo, ya wote wawili. Kichupa cha dawa kina kifuniko cha kubonyeza na kuzungusha kwa pamoja, ili watoto wasikifungue. Na mimi vidole vyangu ni kama vya mtoto. Siku ya kwanza alinikuta nyuma ya kanisa nimekishika kwa magoti, nalia.

"Lete hapa, Esna," alisema. "Kazi hii ni yangu tangu leo."

Kwa miaka miwili, kila Jumapili baada ya ibada, tulikutana chini ya mparachichi nyuma ya kanisa. Alikifungua kwa mkono mmoja, kidogo tu, kama mtu anayevunja ganda la karanga. Viganja vyake vilikuwa na harufu ya maziwa. Aliniwekea vinne kiganjani, nami nikameza bila kuviangalia, kwa sababu nilikuwa namwangalia yeye.

Tulipofika Mpuguso, mzee Hosea alitupokea getini akatupitisha kwa nyuma, jikoni. Haikuwa dharau. Ni mwiko wao, na wetu pia. Tangu nilipoposwa sijawahi kumtazama baba mkwe usoni. Nikimwona anakuja njiani naingia migombani, naipa njia mgongo mpaka apite. Silitaji jina lake, wala siketi chumba alichoketi yeye. Anachotaka kuniambia humpa mshenga, mshenga ndiye anileteaye. Mjini Tukuyu wasichana wa siku hizi wanatucheka, wanapiga picha na wakwe zao mabega yakigusana. Lakini katika mji ule wa Mpuguso mwiko ulikuwa bado umesimama kama nguzo ya nyumba, na mimi sikuwa mtu wa kuangusha nguzo. Mimi nilikuwa mtu ambaye hata muuza nyanya akinikosea chenji nanyamaza.

"Mugonile, mama," nilimsalimu mama mkwe, Veronika, huku nimepiga magoti. Goti la kushoto lilitoa sauti.

"Ndaga, mwanangu. Simama, usije ukavunjikia hapa wakasema nasi tumekuumiza." Alinisukumia beseni la ndizi mbichi. "Menya basi, upunguze mawazo." Halafu akavitazama vidole vyangu. "Au acha. Nitamenya mwenyewe. Si tumeshazoea."

Mama alichukua kisu, akaanza kumenya.

Veronika hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mdomo tu. Akaendelea, macho kwenye chungu, "Mama Esnath, mimi sikatai. Binti ana adabu, hajawahi kunijibu. Lakini dawa ya kukausha kizazi ataimeza mpaka lini? Mimi Nsajigwa ndiye wangu wa kwanza. Wenzangu wote pale kanisani wana wajukuu mgongoni, mimi nabeba mkoba."

"Dawa haikaushi kizazi, mama," nilisema.

"Nani kakwambia?"

"Dada Suad, wa kliniki."

"Na huyo dada Suad ndiye aliyekwambia umeze kila siku mpaka ukatapika damu?"

Bahasha ilikuwa mkobani, na mkoba ulikuwa pajani.

Wakati mama na Veronika walipotoka kuchuma majani ya kufunikia chungu, Nsajigwa aliingia na kuni. Hatukuwa tumeonana wiki tisa. Alikuwa amekonda. Nilitaka kumchukia tangu mlangoni, lakini moyo wangu ukafanya kile ulichozoea kufanya kila Jumapili. Ulimwendea.

"Esna."

"Nsaji."

"Mikono inaendeleaje?"

"Ipo."

Aliziweka kuni chini taratibu, akachuchumaa mbele yangu. Alinyoosha mkono kushika wangu. Nikaurudisha.

"Koti lako ninalo nyumbani," nilimwambia. "Lile ulilonifunika miguu wodini, siku ile ya mvua."

"Si kitu. Kaa nalo."

"Mfukoni kulikuwa na bahasha."

Rangi ya uso wake ilibadilika. Sikuhitaji kuuliza tena, lakini nilikuwa nimelisubiri jibu miezi mitatu, nikauliza.

Mwezi wa tatu mvua zilikuwa kubwa, na mimi goti lilikuwa limevimba. Damu nilikuwa nimeshapimwa wiki iliyotangulia, iliyobaki ni kuchukua dawa tu. Nsajigwa akaenda Mbeya badala yangu. Akarudi na kichupa changu kimejaa, akasema daktari amebadilisha. Sasa ni vinne kila siku, mpaka viishe. Ni dozi. Nilimwambia dada Suad alisema vinaua. Akasema Suad mwenyewe ndiye aliyemwambia, au mimi nadhani yeye Nsajigwa anaweza kunitakia mabaya? Nilimwamini kuliko nilivyojiamini. Akawa anakuja kila alfajiri na pikipiki kunifungulia. Siku ya nne midomo ilichanika ndani. Siku ya tano nilishindwa kumeza hata maziwa, mwili ukatoka madoa meusi kama mtu aliyepigwa, homa ikapanda. Nililala wodini Mbeya wiki tatu. Dada Suad alipokuja kitandani kuuliza nani aliniambia kila siku, koo langu halikuwa na sauti. Nsajigwa alikuwa amesimama miguuni pangu. Ndiye aliyejibu.

"Hakuelewa, dada. Aliishia darasa la tano."

Niliisikia nikiwa na homa, nikadhani homa inanidanganya. Siku mbili nzima nilijiuliza kama kweli ni mimi niliyekosea. Halafu nikatia mkono mfukoni mwa koti lake kutafuta kitambaa.

"Uliihamishia dawa kwenye kichupa changu," nilimwambia pale jikoni, "bahasha ukaificha. Kwa nini, Nsaji?"

Alitazama mlangoni kwanza. "Baba alisema haozeshi mtoto wake kwa mwanamke aliye katikati ya dozi. Alisema amalize kwanza. Harusi ilikuwa baada ya Pasaka, Esna. Nilivihesabu. Vilikuwa arobaini na nane. Kwa Jumapili ni wiki kumi na mbili. Kwa kila siku, ni siku kumi na mbili tu. Nikasema vikiisha vimeisha, utakuwa umepona, tutaoana."

"Dozi hii haiishi hivyo. Nilikwambia."

"Dawa gani isiyoisha? Malaria dozi inaisha. Kifua kikuu kinaisha. Nilijua wanataka tu uwe unakwenda kwenda. Nilikuwa na haraka ya kukuoa. Hilo nalo ni dhambi?"

"Na lile la darasa la tano? Nalo lilikuwa haraka?"

Machozi yalimjaa, na mimi nilikuwa najua machozi yake ni ya kweli. Hapo ndipo ubaya ulipokuwa. Mtu mwongo mtupu ni rahisi kumwacha.

"Leo kubali tu," alininong'oneza. "Sema ulikosea mwenyewe. Baba ameshalainika. Kwako ni kosa la kutojua, litasamehewa. Mimi akijua, Esna, atanitoa katika mji huu. Tukishaoana nitakulipa maisha yangu yote. Nitakufungulia kile kichupa mpaka nizeeke."

Nje tulisikia sandali za Veronika. Alisimama haraka.

"Nitasubiri uyaseme mwenyewe," nilimwambia. "Mpaka dakika ya mwisho nitasubiri."

Baada ya chakula wanaume waliketi sebuleni. Mimi na mama tuliketi chumba cha pili, pazia la kitenge katikati, na mzee Hosea akaweka kiti chake pale pale mlangoni, bega moja kwao, bega moja kwetu. Sauti ya baba mkwe niliisikia vizuri kuliko sauti ya mama aliyekuwa pembeni yangu. Hata hivyo kila alichosema Hosea alikirudia, kama mtu anayesomesha viziwi.

"Mwambie mkwe wangu simchukii."

"Mzee anasema hakuchukii."

"Nimesikia, baba," nilijibu kwa Hosea.

"Amesikia," Hosea alisema upande wa pili.

"Mwambie jambo la dawa limetutia aibu. Watu wanasema tulimnywesha sumu. Mtoto hakusoma, akachanganya dawa, sisi tukaitwa wachawi. Nataka akiri mbele ya mama yake kwamba alikosea mwenyewe, neno hilo liishe."

Hosea akarudia. Mama alinigusa goti.

"La pili. Dawa ya Mbeya aiache. Kiwira kuna mzee anatibu baridi yabisi kwa mizizi, amewaponya wengi. Atatibiwa huko kwa gharama yangu mimi. La tatu, akikubali hayo mawili, ndoa ni Agosti, na Agosti nyingine tunataka kusikia kilio cha mtoto humu ndani. Mimi nimemaliza."

Mama alikuwa analia, lakini kilio cha kushukuru. Nilikuwa na miaka ishirini na nne, na mikono isiyoweza kufunga blauzi. Alikuwa ameshakata tamaa ya kusikia neno ndoa.

"Kubali, mwanangu," alininong'oneza. "Kukosea kila mtu anakosea. Hata mimi sikusoma. Kubali tu, tuondoke na heshima."

Nilifikiria viganja vyenye harufu ya maziwa. Nilifikiria nikiwa mke, katika nyumba ile, nikiwa mjinga aliyesamehewa, maisha yangu yote. Nikaifikiria mizizi ya Kiwira, na vidole vyangu vikikunjika kama kucha za kuku mpaka visikunjuke tena. Na ningelala kila usiku kando ya mtu aliyejua.

"Binti anajibu nini?" Hosea aliuliza.

"Mzee Hosea, naomba Nsajigwa aulizwe neno moja. Nani aliniambia nimeze kila siku?"

Hosea alisita. Akalipeleka.

Sebuleni kikombe kiliwekwa mezani.

"Nsajigwa," baba mkwe alisema. "Unaulizwa."

Nilifumba macho. Nilimwomba Mungu ampe sauti. Nilikuwa tayari kumsamehe yote, hata la darasa la tano, kama angesema hapo.

"Sijui, baba," Nsajigwa alisema. "Labda alisikia vibaya."

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka mama alinivuta sketi na sketi ikamponyoka. Nakumbuka Hosea alinyanyua mkono kunizuia, kisha akaushusha, kwa sababu hata kunigusa hakujua kama inafaa. Nilipita kando ya kiti chake. Nilifungua pazia kwa kiwiko.

Baba mkwe alikuwa mzee mdogo kuliko sauti yake. Aliponiona alishtuka kama ameona nyoka, akaiburuta kofia mpaka machoni, akageukia ukutani. Veronika, aliyekuwa kwenye mlango wa jikoni, alipiga ukelele. "Yesu wangu! Mtoto, rudi! Rudi ndani!"

Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

"Mzee Ambindwile."

Nilikuwa sijawahi kulitamka hata nikiwa peke yangu. Ndugu zangu, jina lilikuwa chungu mdomoni kuliko dawa.

"Mzee Ambindwile, nisamehe. Sina mshenga wa kulibeba neno hili. Mimi niliishia darasa la tano, lakini hiki nakisoma." Nilitoa ile bahasha. Vidole havikuweza kuikunjua, nikaikunjua kwa meno. Nikasoma polepole, kama nilivyokuwa nasoma ubaoni zamani, neno kwa neno, kwa sababu sijui kusoma haraka. "Esnath. Vidonge vinne. Mara moja kwa wiki. Jumapili tu. Haya maandishi mekundu ni ya dada Suad. Bahasha hii ilikuwa katika mfuko wa koti la mwanao. Yeye ndiye aliyeniambia kila siku, ili dozi iishe kabla ya Pasaka, kama mlivyotaka. Mimi sikukosea. Niliamini."

Niliishusha bahasha, nikaendelea.

"Na kuzaa sikukatazwa. Nimekatazwa kushika mimba nikiwa nameza hii. Daktari akiniandaa nitazaa. Hilo pia nilimwambia, mwezi wa kwanza alioniposa. Lakini kuacha dawa ovyo, kwenda kwenye mizizi, siendi. Nimesema."

Mzee Ambindwile alinyoosha mkono bila kugeuka. Hosea akainuka, akaipokea bahasha kwangu, akampa. Aliiinua karibu kabisa na macho, chini ya ukingo wa kofia, akaisoma muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwamo.

"Nsajigwa. Koti ni lako?"

Nsajigwa alikuwa ameuinamia mkeka. "Ni langu, baba."

"Basi."

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Aliivua kofia. Akageuka akanitazama usoni, macho kwa macho, na akaniambia mwenyewe bila kumpitisha Hosea.

"Umesema kweli, binti. Na kwa namna ulivyoisema, umetoka humu ndani. Mwanamke aliyeniita jina na kunitazama siwezi kumwita mkwe. Huyu kijana nitajua la kumfanya. Wewe nenda salama. Ukameze dawa yako."

Nilielewa. Kama ningebaki kuwa mkwe wake asingenitazama kamwe. Alikuwa amenipa haki yangu na kunifukuza kwa macho yale yale.

Mama alitembea mbele yangu hatua ishirini, kanga imefunika mdomo. Hakunigombeza. Alisema mara moja tu, bila kugeuka, "Ungeniambia, Esnath. Mimi mama yako ungeniambia," halafu akaongeza mwendo. Nikamwacha aende. Kila mmoja alikuwa na kilio chake.

Kwenye kona ya migomba nilisikia mtu anakimbia. Nsajigwa alikuwa peku. Shavu moja lilikuwa jekundu.

"Esna! Esna, simama."

Nilisimama. Goti lilinilazimisha.

Alitweta mbele yangu, hakujua aanzie wapi. Mimi nilidhani ataniomba msamaha, au atanitukana. Akasema, "Leo Jumapili. Hujameza."

Kweli nilikuwa nimesahau. Siku niliyoichagua ili nisiisahau. Yeye ndiye aliyeikumbuka. Ningekuwa na mawe moyoni yangeyeyuka yote hapo, na sikutaka yayeyuke.

Nilimpa kichupa. Nyumbani mama hukifungua kwa kitambaa na kuhangaika sana. Yeye alikibonyeza, akakizungusha, kidogo tu, kama mtu anayevunja ganda la karanga. Mikono yake ilikuwa bado inajua kazi yake. Akanishika kiganja, akamimina.

Miaka miwili nilimeza nikiwa namwangalia yeye. Siku hiyo niliinamisha kichwa, nikahesabu.

Vilikuwa vinne.

Nilichukua kimoja kwa ncha za vidole, kwa shida, nikamrudishia.

"Sasa ni vitatu, Nsaji. Damu yangu haijarudi sawa. Daktari alipunguza mwezi wa tano, aliponianzishia upya."

Alikitazama kile kidonge kimoja kwenye kiganja chake kama mtu aliyepewa barua asiyoweza kuisoma.

"Sikujua," alisema.

"Ndiyo. Hukujua."

Nilihesabu tena. Vitatu. Nikameza bila maji, nikamwambia kifuniko asikikaze, nikachukua kichupa changu. Kisha nikaanza kumfuata mama, ambaye alikuwa ameshafika mbali, na kanga yake ilikuwa inaingia kwenye ukungu.

Sikugeuka. Lakini kwa muda mrefu sikusikia hatua zake zikirudi nyumbani.